Kalamu Nene za Bei Chee

Karani wa benki aliitazama kalamu yangu kama mtu aliyeona muhogo mbichi umewekwa kaunta. "Mzee wangu, tumia hii," akasema, akanisogezea Biki iliyofungwa kwa uzi. Sikumlaumu. Kalamu yenyewe ni nyeusi, nene kama kidole gumba cha seremala, na ikifunikwa inakaribia sentimita 15. Ukiichomeka mfukoni, shati linalegea upande huo.

Ni Jinhao X159, imetengenezwa China, na bei yake haifiki dola 10. Umbo lake asili yake ni Ujerumani, ambako mwaka 1952 Montblanc walitoa Meisterstück 149, pande la kalamu lenye nibu ya dhahabu iliyochorwa tarakimu 4810, ambazo ni mita za urefu wa mlima Mont Blanc. Kwa bei yake leo unapata pikipiki. Wachina wakauchukua unene ule, wakaweka chuma mahali pa dhahabu, lakini ukubwa wa nibu hawakuupunguza. Wapo wanaosema huko ni kuiba sura ya mtu. Huenda. Mimi viungo vya vidole vimeanza kuvimba, na kwa hili nimeshukuru tu.

Tangu shule ya msingi nilikuwa na sugu kwenye kidole cha kati. Ililetwa na Biki. Wino wake ni mzito, unatolewa na kigololi kinachobingirika karatasini, na kigololi hakibingiriki bila kukandamizwa. Basi mkono mzima hujikunja kushika kijiti chembamba, na ukurasa wa pili haujaisha bega linauma. Kalamu ya kujaza wino haitaki nguvu. Katikati ya ndimi mbili za nibu pana ufa mwembamba mno, na wino hutembea humo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Ncha ikigusa tu, karatasi inauvuta yenyewe. Chini ya nibu kuna mfereji unaopitisha hewa kwenda nyuma kushika nafasi ya wino unaotoka, na mfereji wa namna hiyo ndio Lewis Waterman wa New York aliupatia hataza mwaka 1884. Kalamu ikiwa nene, kiganja hakijifungi ngumi. Inalala tu kwenye panda ya gumba, na kazi inafanywa na kiwiko.

Lakini sikuanza kukusanya kwa sababu ya viungo peke yake. Nilianza siku nilipoipata moja, jina lake nalihifadhi, iliyokuwa inakwaruza kama kuku anayepekua jalala. Kwa kuwa ilikuwa ya bei chee, sikuogopa kuifungua. Nikaweka jichoni lenzi, ile ya mafundi saa, nikaielekeza nibu kwenye taa. Ulimi wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya wa kulia kwa kiasi ambacho jicho tupu haliwezi kukiona. Nikaubonyeza kwa ukucha wa gumba, nikahesabu tatu, nikatazama. Bado. Nikarudia. Mara ya sita ncha mbili zikakaa sawasawa, kama watoto pacha dirishani. Nikapitisha kibati chembamba cha shaba kwenye ufa kutoa uchafu wa kiwandani, nikaiosha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha nikachora nane juu ya msasa laini kabisa, ule ukiupapasa unadhani kitambaa. Nane kumi, basi. Nchani pamechomelewa tone la metali ngumu, na ukilisaga likaisha, hulirudishi. Nimeshaua nibu mbili kwa uroho wa ulaini. Zingekuwa za dhahabu, nisingethubutu hata kushika lenzi.

Ninazo kumi na moja sasa, zote nene, na hakuna iliyolala kabatini.

Ninayoiheshimu zaidi ni ya ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu kama pembe. Ukiishika ikapata joto inanukia kiberiti kwa mbali, na ukiiacha juani weusi wake unageuka kijani cha zeituni. Wahindi wangali wanazikereza kalamu za namna hii kwa mkono. Pale Rajahmundry, kando ya mto Godavari, ukoo wa Ratnam uliingia kazi hiyo miaka ya 1930, wakati Gandhi alipokuwa akiwahimiza watu watumie vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Nyingi hazina kifaa cha kuvutia wino. Unapaka grisi ya silikoni kwenye nyuzi za skrubu, unamimina wino ndani ya tumbo lote la kalamu kwa bomba la sindano, unafunga, unaandika wiki nzima.

Tumbo hilo lina hila zake. Wino ukipungua, hewa inachukua nafasi. Joto la mkono likiifikia, hewa inatanuka na kuusukuma wino nje. Mimi nilijifunza ndani ya daladala saa saba mchana, kalamu ikiwa robo wino na robo tatu hewa ya moto. Shati lile sasa ni la shambani, na siku hizi najaza kabla wino haujafika nusu.

Neno lenyewe kalamu, lililotufikia kwa Kiarabu, kwa asili yake ni unyasi tu, tete lililochongwa. Mshairi Mwana Kupona wa Pate, mgonjwa wa mwaka mzima, alipomwita binti yake mwaka 1858 akae karibu na wino na karatasi apokee wasia, sidhani kuna aliyefikiria kukandamiza. Tete ukilikandamiza linapasuka.

Karatasi ndiyo tabu yetu. Madaftari mengi ya shule yanakunywa wino hadi upande wa pili, herufi zinaota manyoya. Kwa hiyo dukani naomba ruhusa, nafungua kaunta buku ukurasa wa mwisho, nachora kamsalaba, nageuza. Muuzaji wangu wa kila siku ameshazoea. Ananiwekea pembeni zile zinazofaulu.

Juzi nilimwandikia dada barua ya kurasa nne. Wino wa bluu ukaniishia katikati ya neno "nimekukumbuka", kidau kilichokuwa karibu kikawa cha kahawia, nikajaza nikaendelea. Akanipigia simu barua ilipofika. Habari za nyumbani hakuuliza, wala za shamba. "Kaka," akasema, "hapa kwenye 'nimeku' uliondoka kwenda wapi?"