Mwenye Nyumba ya Wageni Hayumo: Kuhusu Igizo Letu la Krismasi

Kila mkesha wa Krismasi watoto wa shule ya Jumapili hutuigizia kuzaliwa kwa Bwana Yesu, na kila mwaka igizo ni lilelile. Mariamu anatembea kwa shida, mto umefungwa tumboni chini ya kanga. Yusufu amepakwa masizi kidevuni yawe ndevu. Wanabisha hodi mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mlango wa mwisho anatokea mwenye nyumba ya wageni, mara nyingi mtoto mcheshi kuliko wote, anafoka kwamba vyumba vimejaa, na kanisa zima linacheka. Baada yake ni zizi, wachungaji, malaika na kwaya.

Tunalipenda igizo hili, na tunazo sababu. Linampa mtoto mwoga nafasi ya kusimama mbele ya washarika na kusikika. Tena mapokeo yake ni ya zamani: mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi aliandaa hori, ng'ombe na punda ili watu wa kawaida waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Mwokozi. Nia hiyo ni njema. Lakini kinachopendwa sana nacho hupimwa kwa Maandiko, na tukilipima igizo letu kwa Luka sura ya 2, tunakuta kwamba mhusika tunayemkumbuka kuliko wote hayumo.

Luka hamtaji mwenye nyumba. Hataji punda, wala milango iliyobishwa usiku. Anasema siku za Mariamu za kujifungua zilitimia wakiwa hukohuko Bethlehemu, maana yake walikuwa wamekwisha kufika. Neno ambalo Biblia yetu ya Kiswahili tuliyoizoea inaliita "nyumba ya wageni" ni katalima kwa Kiyunani. Luka analitumia tena katika sura ya 22, Yesu anapotafuta mahali pa kula Pasaka na wanafunzi wake, na hapo tunasoma "chumba cha wageni". Anapotaka kutaja nyumba ya kulipia, kama ile alikopelekwa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika sura ya 10, anatumia neno jingine kabisa. Huko kweli yuko mwenye nyumba, naye anapokea dinari mbili. Kwa sababu hiyo wasomi kadhaa, akiwemo Kenneth Bailey aliyefundisha miaka mingi Mashariki ya Kati, wanaona kwamba Luka anazungumzia nyumba ya familia: chumba cha wageni kimejaa, na hori imo ndani humohumo wanamoishi watu.

Hori ndani ya nyumba? Kijana wa mjini atashangaa, lakini mzee wa Kilimanjaro hatashangaa. Katika msonge wa Kichaga wa zamani ng'ombe na mbuzi walilala ndani, upande wao, na watu upande wao. Mtoto aliyezaliwa humo alisikia ng'ombe akicheua kabla hajaijua sauti ya babu yake. Kumlaza mtoto mchanga karibu na mifugo hakukuwa kumtupa nje. Kulikuwa kumweka penye joto, kati ya watu wake.

Na hao walikuwa watu wake. Yusufu alikwenda Bethlehemu kwa sababu ulikuwa mji wa ukoo wake. Kwa hiyo Krismasi ya kwanza ilitokea katika safari ya kurudi kwa wazee. Sisi tunaopanda mlima kila Desemba tunaijua safari hiyo. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi yanajaa. Kihambani mbuzi anachinjwa, mtori unapikwa, wajukuu wanalala wengi kwenye godoro moja, na anayefika wa mwisho anatandikiwa mkeka jikoni. Nyumba ya namna hiyo inatusaidia kumsoma Luka.

Kasoro ya igizo letu, basi, ni zaidi ya punda aliyeongezwa. Linamtwika kosa mtu wa nje, mfanyabiashara asiyemjua Mariamu wala Yusufu. Tukishamcheka tunarudi nyumbani tukiwa salama, kwa maana sisi hatuna nyumba ya wageni. Lakini kama nyumba ile ilikuwa ya ndugu, swali linatufuata hadi mezani petu: kwetu nani amekosa nafasi?

Yupo binti aliyejifungua bila ndoa, akashauriwa asije mwaka huu, mpaka watu wasahau. Yupo kaka ambaye biashara yake imekufa. Hawezi kuchangia mbuzi, kwa hiyo anasema kazi zimembana mjini. Wapo ndugu wawili waliogombania mpaka wa kihamba, na tangu hapo mmoja akija mwingine haji. Hakuna aliyewafokea hawa mlangoni. Wamezuiwa na simu isiyopigwa, na mchango uliopangwa bila kuwauliza, na mzaha kuhusu nani amekuja na gari gani. Mariamu naye alifika kwa wakweze akiwa na mimba yenye maneno.

Mtu atauliza: tukimwondoa mwenye nyumba, hatuondoi fundisho la kukataliwa kwa Kristo? Hapana. Yohana anatuambia kwamba walio wake hawakumpokea, na Mathayo anatuonyesha upanga wa Herode. Kukataliwa kutakuja. Lakini katika usiku wa kuzaliwa Luka hasemi kwamba mtu alifukuzwa. Anasema nafasi ilikosekana, na mtoto akalazwa horini. Hori ile ilikuwa na mwenyewe. Luka hakumtaja jina, na igizo letu limemsahau kabisa. Hakuwa na chumba cha kutoa, akatoa alichokuwa nacho.

Tunawaomba walimu wa shule ya Jumapili wajaribu jambo moja dogo. Mwenye nyumba ya wageni apumzike mwaka mmoja. Mahali pake asimame bibi wa nyumba iliyojaa, awaamshe wajukuu wasogee, awasukume mbuzi pembeni, na kusema, "Karibuni wanangu. Pamejaa, lakini tutabanana hivihivi." Mtoto mcheshi ataweza kuchekesha hapo pia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika nyumba ile methali hiyo ilitimia kuliko walivyojua.

Kisha tuligeukie igizo lisilo na mazoezi, lile la nyumbani. Wazee wa Kichaga walikuwa na jani la isale: aliyekosa alilipeleka kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa hakutakiwa kulikataa. Ndugu wawili wa mpaka wanalijua jani hilo. Limeoteshwa kwenye mpaka huohuo wanaougombania. Kaka aliyeishiwa anahitaji nauli na neno la kumwambia aje mikono mitupu. Binti anahitaji kuulizwa mtoto wake anaitwa nani. Haya yafanyike kabla mbuzi hajachinjwa, wakati simu bado inaweza kupigwa na basi bado lina kiti.