Kuvuta Si Kubeba: Hesabu ya Trela la Familia

Nchini Marekani, anayetaka kununua trela la kulala huonyeshwa kwanza uzito ambao gari lake linaweza kuvuta. Kwa familia yenye watoto wadogo, hicho sicho kipimo kinachokwisha mapema. Kinachokwisha ni uwezo wa gari kubeba, nao umeandikwa kwenye kibandiko kidogo pembeni mwa mlango wa dereva: abiria na mizigo, kwa jumla, visizidi kilo kadhaa.

Tuchukue mfano wa safari ya kutoka Denver hadi hifadhi ya Grand Teton, kwa kupitia Laramie, Rawlins na Lander, karibu kilomita 800. Gari lina uwezo wa kuvuta kilo 2,270, na trela lililokwisha pakiwa lina kilo 1,600. Zimebaki kilo 670, na wengi hesabu yao huishia hapo.

Sasa tusome kibandiko. Kinaruhusu kilo 560. Baba na mama ni kilo 150, watoto watatu 60, viti vyao vya usalama 25, chuma cha kuunganishia trela 40. Kisha kuna mzigo usioonekana: shingo ya trela hulielemea gari, na kanuni inayofuatwa huko ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Kwa asilimia 12, ni kama kilo 190. Jumla 465. Kwa boksi la barafu, kigari cha mtoto na mabegi yote zimebaki kilo 95.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kusogeza vitu vizito nyuma ya trela ili shingo iwe nyepesi. Kibandiko kitaridhika, lakini barabara haitaridhika. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, upepo au lori linalopita kwa kasi huanza kuliyumbisha trela, na kila myumbo huzaa mkubwa zaidi. Likianza kuyumba, dereva aachie mafuta, anyooshe usukani na kutumia breki za trela peke yake kwa kitufe cha mkononi. Kukanyaga breki ya gari kwa ghafla huongeza balaa.

Dawa halisi ni kupunguza, na cha kwanza kupunguzwa ni maji. Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijazwa nyumbani ni kilo 100 za kusafirisha bure kama kambini kuna bomba. Tena angalia tangi liko wapi: likiwa mbele ya ekseli huongeza uzito wa shingo, likiwa nyuma huupunguza. Baada ya kupakia, pita kwenye mizani ya malori. Pima gari peke yake likiwa na familia nzima ndani, kisha likiwa limeunganishwa na trela. Kilo zilizoongezeka kwenye ekseli za gari ndizo uzito wa shingo.

Ratiba nayo hupangwa kwa hesabu. Siku ya kwanza iishie Laramie, kilomita 210 hivi, watoto wazoee. Siku ya pili, hadi Lander, ndiyo ngumu: kipande cha Laramie hadi Rawlins kinasifika kwa upepo, na mamlaka za Wyoming huwa zinakifunga kwa matrela mepesi ukizidi. Heri kuondoka alfajiri, maana upepo kwa kawaida hushika kasi mchana. Jaza mafuta Rawlins, kwani mbele vituo ni vya kuhesabu. Siku ya tatu ni mlima wa Togwotee, mita 2,944; kuteremka ni kwa gia ndogo, breki zipumzike.

Nepi, maji ya kunywa na nguo za kubadilisha vikae garini, karibu na mkono. Usingizi wa mchana nao ni garini, mkanda ukiwa umefungwa. Trela likiwa mwendoni halina nafasi ya mtoto hata mmoja.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hakumbushi: watoto wale wa kilo 60 kwa pamoja watafikisha kilo 100 kabla mkopo wa trela haujaisha, ilhali kibandiko kitabaki na kilo zake 560. Anayenunua leo apige hesabu kwa uzito watakaokuwa nao wakati huo, na akikuta haitoshi, achague trela dogo zaidi.