Namba 760 na tanbihi zake

Ukisoma kazi za chuo zinazozungumzia vita vya siku sita vya Kisangani, nchini Kongo, vile vya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, utakutana na namba moja: raia 760 waliouawa. Ukishuka kwenye tanbihi, mara nyingi unakuta "ONU, 2000" tu, au anwani ya tovuti nzima ya Umoja wa Mataifa. Anayetaka kuhakiki hana pa kuanzia. Nimeifuata namba hiyo hadi ilikotoka, kwa sababu imepitia karibu kila aina ya chanzo anachopaswa kukitaja mwanafunzi wa Tshopo, mkoa ulipo mji wa Kisangani, na kila aina ina namna yake ya kuandikwa.

Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipokwisha kupigana katikati ya mji, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304 tarehe 16 Juni 2000, na aya yake ya 14 ikaomba hasara ipimwe. Ujumbe wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ukafika Kisangani, na ripoti yake ikatolewa tarehe 4 Desemba mwaka huohuo. Inasema waliouawa ni zaidi ya raia 760, majeruhi wanakadiriwa kufika 1,700, nyumba zilizoharibiwa zinazidi 4,000, na shule 69 zilipigwa mabomu.

Ripoti hiyo haina mwandishi mwenye jina wala kampuni ya uchapishaji, kwa hiyo kanuni ya kutaja kitabu haiifai. Kinachoitambulisha ni alama yake: S/2000/1153. Herufi ni ya Baraza la Usalama, kisha mwaka, kisha namba ya mfululizo. Basi andika: Umoja wa Mataifa, Baraza la Usalama, kichwa cha ripoti, S/2000/1153, 4 Desemba 2000, na namba ya aya. Kati ya mitindo ya marejeo, APA itautanguliza mwaka, Chicago katika tanbihi itaupeleka mwisho, na ISO 690 inaacha nafasi kwa mipangilio zaidi ya mmoja. Hayo ni mavazi. Alama ikikosekana, hakuna mtindo utakaomfikisha msomaji kwenye ripoti.

Namba ikasafiri hadi The Hague. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki (C.I.J.) ilitoa hukumu dhidi ya Uganda, na ndani yake ikainukuu ripoti ya ujumbe ule. Hukumu hutajwa kwa jina la kesi: C.I.J., Activités armées sur le territoire du Congo (République démocratique du Congo c. Ouganda), arrêt, Recueil 2005, p. 168. Hapa wengi hukosea. Ukurasa wa 168 ndipo hukumu inapoanza katika juzuu, sipo ilipo namba ya waliokufa. Kinachomfikisha msomaji ndani ni namba ya aya, nayo haibadiliki uwe unasoma Kifaransa au Kiingereza, juzuu iliyochapwa au faili la kompyuta. Tena, aliyesoma hukumu peke yake hana haki ya kuitaja ripoti kana kwamba aliifungua. Aandike kwamba imenukuliwa katika hukumu. Mahakama kunukuu ripoti ni jambo moja, Mahakama yenyewe kuhesabu waliokufa ni jambo jingine, na tanbihi ndiyo inayopaswa kuyatenganisha.

Kituo cha tatu ndicho kinachonigusa zaidi. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, kuhusu ukiukaji wa haki za binadamu nchini Kongo, yenye tarehe ya Agosti 2010, inasema waliouawa katika vita vile ni kati ya 244 na 760. Mwaka 2000 namba 760 ilikuwa sakafu. Miaka kumi baadaye imekuwa dari. Mwandishi anayeandika "watu 760 (ONU)" amezifunga hati mbili zisizokubaliana katika mabano mamoja, na maneno "zaidi ya" yameanguka njiani bila yeyote kuona. Sisemi ipi ni sahihi. Ninadai zote mbili zitajwe, kila moja kwa hati yake.

Na jambo hili lina uzito nje ya darasa. Katika hukumu ya fidia ya tarehe 9 Februari 2022, Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11, ikapewa milioni 325. Majaji waliona ushahidi mwingi uliowasilishwa hautoshi, wakategemea sana ripoti za Umoja wa Mataifa ambazo vyanzo vyake vinaweza kufuatwa. Hukumu hiyo ina jina lilelile la kesi kama ya 2005. Ndiyo maana "C.I.J., op. cit.", ambayo bado tunaipenda mno katika tanbihi zetu, haifai hapa: msomaji hatajua ni hukumu ipi kati ya hizo mbili. Rudia jina fupi na mwaka.

Majina ya watu na mahali nayo yana mitego. Mwandishi wa Histoire générale du Congo (1998) ni Isidore Ndaywel è Nziem, na anaorodheshwa chini ya Ndaywel è Nziem, Isidore. Programu za kupanga marejeo zilizotengenezwa kwa majina ya Ulaya zinaweza kumgeuza akawa "Nziem, I. N. è", na mtu huyo hayupo. Andika jina lote la ukoo katika nafasi moja, usiiachie programu ikate. Vilevile, ripoti za 2000 na 2010 zinaiweka Kisangani katika mkoa wa Orientale. Mkoa wa Tshopo ulikuja baada ya sheria namba 15/006 ya tarehe 25 Machi 2015. Kichwa cha hati hakisahihishwi. Ukitaka kumsaidia msomaji, ongeza jina la sasa katika mabano ya mraba.

Kazi za wanafunzi wenyewe, yaani TFC (travail de fin de cycle) na memuari (mémoire), huandikwa "inédit", pamoja na kitivo, UNIKIS (Chuo Kikuu cha Kisangani) na mwaka. Ningeongeza mahali nakala ilipo, maktaba ya kitivo au ya idara, maana kazi isiyochapishwa haina duka la kuinunulia.

Linabaki neno la mdomo. APA huyataja mahojiano binafsi ndani ya matini tu na kuyaacha nje ya orodha, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyapata. Kwa mkazi wa Kisangani, awe mama wa Lubunga au mzee wa Mangobo, aliyeshuhudia mabomu, naona hoja hiyo haitoshi. Timu ya Mapping ilihoji mashahidi zaidi ya 1,280, ikadai vyanzo viwili huru kwa kila tukio kati ya 617. Tanbihi zake hutaja mahali na mwezi wa mahojiano bila jina, na majina yakahifadhiwa kwa siri katika hifadhidata. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo kwa kiasi chake: orodha ya watoa habari mwishoni mwa kazi, jina kwa idhini au msimbo pale penye hatari, mtaa, lugha iliyotumika, tarehe, na mahali sauti iliporekodiwa inapotunzwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu, kwa kuwa simu hupotea na kadi za kumbukumbu hufutwa. Idara inayopokea TFC iliyochapwa ingeweza kupokea na faili la sauti siku hiyohiyo.