Si kila uvumi ni propaganda
Majuzi, katika matatu ya kutoka Thika kwenda Ruiru, abiria mmoja alisema maji yangekatwa kesho yake. Kijana aliyeketi kando yangu akacheka: "Wachana na yeye, mzee. Hizo ni propaganda tu!" Nami sikuteka maji. Kulipokucha, mfereji ulikuwa mkavu.

Neno 'propaganda' lilitumiwa visivyo. Habari isiyothibitishwa ni uvumi. Ya kubuni ni uzushi. Propaganda, iwe kweli au uongo, huenezwa makusudi ili kuwavuta watu upande fulani. Mwaka 1622 Papa Gregori wa 15 alilitumia katika jina la idara ya kueneza imani. Yule abiria alikuwa akimvutia nani? Kila tusichopenda kusikia tukikiita propaganda, hatutaitambua propaganda yenyewe wanasiasa watakapotuletea.