Thamani ya Vijambo: Uhakiki wa Mchezo wa Dad's Army

Wapenzi wa michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Uingereza wana desturi ya kukusanya vijambo. Huulizana mwaka wa kipindi, umri wa mchezaji, mji ulimopigwa picha, na nani alitamka neno gani mara ngapi. Mhakiki aghalabu huupita mkusanyo huo kama mtu apitavyo makapi uwanjani, wala hakosi sababu, kwani kuijua hesabu ya milango si kuijua nyumba. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Kuna kijambo ambacho mtu akikijua, mchezo alioutazama jana huwa mwingine leo. Katika insha hii twataka kuvipima vijambo vya mchezo mmoja, Dad's Army, ili tutenge mchele na pumba.

BBC ilianza kuuonyesha mchezo huu tarehe 31 Julai 1968, ikaumaliza Novemba 1977, baada ya vipindi 80 katika misimu 9. Watungaji wake ni Jimmy Perry na David Croft. Habari zake ni za jeshi la mgambo lililoundwa Mei 1940, Wajerumani walipokuwa wakiingia Ufaransa, na wazee na vijana wa Uingereza wasioweza kupelekwa vitani walipoombwa kuilinda nchi yao. Perry mwenyewe alikuwa mgambo katika ujana wake, huko Watford. Mji wa mchezo, Walmington-on-Sea, ni wa kubuni, na picha nyingi za nje zilipigwa Thetford, katika jimbo la Norfolk. Kijambo hiki cha Thetford ni pumba. Ukijue usikijue, hakuna sentensi moja ya mchezo inayogeuka maana.

Wimbo wa kufungulia ni habari nyingine. Watu wengi hudhani kuwa ni wimbo wa siku za vita. Sivyo. Perry ndiye aliyeutunga kwa ajili ya mchezo huu, akishirikiana na Derek Taverner katika muziki, na mwimbaji ni Bud Flanagan, ambaye sauti yake ilikuwa mashuhuri katika siku za vita zenyewe. Flanagan alifariki Oktoba 1968, mchezo ukiwa ungali mchanga. Kijambo hiki kina uzito, kwa kuwa chatufunulia jinsi kazi nzima ilivyojengwa: sauti ni ya kale, maneno ni mapya. Anayeusoma mchezo kama tarikhi ya mwaka 1940 atapotea njia. Huu ni utungo wa mwaka 1968 unaotazama nyuma, nao huchagua cha kukumbuka na cha kusahau.

Kijambo cha tatu chahusu vyeo. Kapteni Mainwaring ni meneja wa benki asiye na ukoo wa kujivunia. Sajini wake, Wilson, ni karani mkuu katika benki hiyo hiyo, lakini ni mtu wa nasaba na elimu ya kibwanyenye. Hofu ya Mainwaring ya kudharauliwa na mtu aliye chini yake ndiyo chemchemi ya kicheko karibu katika kila kipindi. Sasa, katika vita vya kweli mambo yalikuwa kinyume: John Le Mesurier, aliyecheza Wilson, alikuwa kapteni, na Arthur Lowe, aliyecheza Mainwaring, alifikia usajini-meja. Jambo hili lapendeza kusimuliwa, lakini uzito wake ni nusu. Kejeli ya matabaka imo tayari katika maandishi, kabla mchezaji hajavaa koti la askari.

Uzito kamili tunaupata kwa Godfrey. Huyu ni mzee mpole wa kikosi, anayeomba ruhusa ya kwenda msalani na kusifu keki za dada zake. Katika kipindi kiitwacho Branded, cha mwaka 1969, anakiri kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza alikataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake. Mainwaring anamtupa, na wenzake wanamtenga. Kisha Godfrey anamwokoa Mainwaring katika nyumba iliyojaa moshi, na mwishowe inajulikana kuwa alikuwa mchukuzi wa majeruhi katika mapigano ya Somme, akapewa nishani ya ushujaa. Haivai, kwa kuwa aona ni majivuno.

Mchezaji wa Godfrey, Arnold Ridley, aliyezaliwa 1896, alipigana Somme mwaka 1916. Alichomwa singe, akapigwa kitako cha bunduki kichwani, na mkono wake wa kushoto haukurudia nguvu zake. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mtazamaji ajuaye hayo hawezi tena kumcheka Godfrey kwa kicheko kile kile cha kwanza. Upole wake, uliokuwa kichekesho, wageuka kuwa hekima ya mtu aliyekwisha kuona mwisho wa ushujaa wa maneno. Hapa kijambo kimefanya kazi ya uhakiki.

Yabaki habari ya Koplo Jones, mwuza nyama, ambayo yatuhusu sisi wa Afrika zaidi. Jones ndiye mzee wa vita vya kale. Mchezaji wake, Clive Dunn, alikuwa na miaka 48 tu mchezo ulipoanza, naye alikuwa amekaa miaka kadhaa mateka mikononi mwa Wajerumani. Jones hachoki kusimulia jinsi alivyopigana Sudani chini ya Kitchener, na jinsi adui asivyoipenda singe ikimwingia mwilini. Watu hucheka, na Mainwaring humkatiza. Lakini tukiuliza tarehe, twafika Omdurman, 2 Septemba 1898, ambako Wasudani zaidi ya 10,000 waliuawa kwa muda wa asubuhi moja, nao waliokufa upande wa Kitchener hawakutimia 50. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Atakayeutetea mchezo atasema kwamba anayechekwa ni msimulizi, si Msudani. Ni kweli, lakini ukweli huo hautoshi. Watungaji waliompa Godfrey heshima yake baada ya kumfanya kichekesho hawakumpa Msudani hata uso. Yeye ni nyama ya hadithi ya mwuza nyama. Hatusemi kwa hiyo kwamba mchezo utupwe. BBC yenyewe iliwahi kufuta kanda zake ili zitumiwe tena. Vipindi 2 vilipatikana 2001, na 3 vya msimu wa pili, wa mwaka 1969, picha zake za asili hazijapatikana hata leo. Hasara hiyo yatosha.

Tusemalo ni kwamba kipimo cha kijambo si udogo wake. Kikituachia tulichokuwa nacho, ni pumba. Kikiturudisha kwenye mchezo tukauone upya, ni mchele. Kovu la Ridley lautukuza mchezo, na tarehe ya Omdurman yaushitaki. Mhakiki mwadilifu hana ruhusa ya kuchukua moja na kuliacha la pili.