GB 2 za mwenyeji, GB 6 za wageni

Kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika, yenye RAM ya GB 8, yaweza kubeba mashine pepe tatu au nne ndogo: ya hifadhidata, ya tovuti, ya majaribio. Ubishi huzuka juu ya mfumo utakaokaa chini yake, na wengi huuamua kwa kutazama ukubwa wa faili la kusakinishia. Kipimo hicho hakisemi kitu.

Kazi nzito haifanywi na Debian, Alpine wala Proxmox. Hufanywa na KVM, iliyoingia kwenye kerneli ya Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007, ikitegemea uwezo ambao Intel na AMD walikuwa wamekwisha kuuweka ndani ya prosesa. Xen, mfumo mwingine wa mashine pepe uliozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulikuja na mpangaji wake wa zamu. Avi Kivity na wenzake wa kampuni ya Qumranet, waliounda KVM, walikwepa kazi ya kuandika mpangaji wao: mbele ya kerneli, mashine pepe ni programu kama programu nyingine, hupangiwa zamu na kugawiwa RAM vilevile. Andika top na utaiona humo kwa jina la qemu, programu inayoendesha mashine pepe kwa kutumia KVM. Ndiyo maana kuhama kutoka mfumo mmoja wa Linux kwenda mwingine hakuongezi kasi ya kutajika. Kinachobadilika ni mizigo iliyoizunguka KVM.

Proxmox, kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, inataka angalau GB 2 kwa ajili yake kabla ya mgeni wa kwanza, yaani mashine pepe ya kwanza. Hiyo ni robo ya RAM yetu. Kwenye seva ya GB 64 ningeichukua bila kusita, kwa sababu nakala rudufu na usimamizi kupitia kivinjari vinakuja tayari.

Alpine ndiyo inayovutia. Imejengwa juu ya musl na BusyBox, na inaweza kukaa yote kwenye RAM ikiwashwa kutoka fleshi. Lakini QEMU na libvirt, zana ya kusimamia mashine pepe, zimo kwenye hazina yake ya jumuiya, ambayo hutunzwa hadi toleo linalofuata tu, yaani takriban miezi sita. Asiyependa kupandisha toleo mara mbili kwa mwaka atabaki na matundu ya usalama pale pale panapotenganisha wageni.

Toleo la bure la ESXi, mfumo mwingine wa kubeba mashine pepe, liliondolewa Februari 2024, likarudishwa Aprili 2025. Sijengi juu ya mchanga huo.

Kwa mashine hii, chaguo langu ni Debian isiyo na eneokazi, pamoja na libvirt, ikisimamiwa kutoka kompyuta nyingine kwa virt-manager kupitia SSH. Toleo lake hupata masasisho ya usalama kwa takriban miaka mitano. Ila kabla ya kusakinisha, ingia BIOS uhakikishe ule uwezo wa prosesa, VT-x au AMD-V, umewashwa. Ikiwa umezimwa, QEMU italazimika kuigiza prosesa nzima, na hakuna mfumo mwepesi utakaokuokoa.