Sayansi ya Vitendo Bila Lugha: Funzo Kutoka Dzaleka

Makala haya mafupi yanahakiki mkabala wa kufundishia sayansi uliosifiwa sana katika kanda yetu, na kuuliza swali ambalo sisi walimu wa lugha tumelinyamazia.

Mwaka 1998 Kenya na Japani, kupitia shirika la JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Kutoka Nairobi mradi ulienea nchi nyingine, na mwaka 2004 ulianza Malawi, kituo chake kikiwa Chuo cha Ualimu cha Domasi. Mkabala wake, ASEI, una nguzo nne: shughuli, mwanafunzi, jaribio na ubunifu wa vifaa. Sifa zake ni za haki. Umemtoa mwalimu ubaoni na kumwonyesha kwamba pasipo na maabara hata chupa tupu ya plastiki inafaa kwa jaribio. Aidha, Mwafrika amejifunza kwa Mwafrika mwenzake.

Hata hivyo, katika nguzo hizo nne lugha haimo. Pale mwalimu na wanafunzi wanaposhiriki lugha moja ya nyumbani, pengo hilo hufichika, kwa kuwa maelezo ya pembeni huliziba. Dzaleka halifichiki.

Kambi hiyo iliyoko Wilaya ya Dowa, takribani kilomita 50 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ina wakimbizi zaidi ya 50,000, wengi wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine warejee kambini, wakiwemo watoto. Shule za kambini hufuata mtaala wa Malawi, na sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza.

Tuchukue mfano mwepesi. Mwanafunzi anatia chumvi katika maji, kisha anapasha moto kipande cha mshumaa. Kwa Kiswahili cha kila siku, chumvi imeyeyuka na mshumaa umeyeyuka. Kiingereza kina maneno mawili tofauti. Akiandika neno moja kwa matukio yote mawili, atakosa alama, ingawa macho yake yameona tofauti na mikono yake imetenda sawasawa. Mwalimu asiyejua Kiswahili atadhani kilichoshindikana ni sayansi, kumbe ni msamiati.

Je, Kiswahili hakina maneno hayo? TUKI ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tatizo ni kwamba istilahi zimebaki kabatini.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, makundi yajadili jaribio kwa Kiswahili, kisha yaandike ripoti kwa Kiingereza. Pili, idara za Kiswahili ziandae orodha fupi za istilahi kwa Kiswahili, Kichewa na Kiingereza, kwa kila jaribio. Julai 2023, Lazarus Chakwera, wakati huo Rais wa Malawi, alitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule za nchi hiyo. Kisiingie kama somo la salamu na ngeli tu, wakati katika chumba cha jirani wanafunzi wanaokijua wanashika chupa na kukosa la kusema.